Ng'ombe wa Kuazima Katika Mahindi ya Mama Kadzo

Jumamosi, katikati ya Machi. Garsen.

Joto limeamka kabla yetu. Upande wa Hola kuna mawingu yamekaa tangu juzi kama wageni wanaosubiri kukaribishwa mara ya pili. Hakuna upepo. Mimi nimetulia, kadiri mtu anavyoweza kutulia baada ya ng'ombe wake kuwekwa kizuizini.

Nitaandika mambo kwa mpangilio wake. Ndivyo ninavyowafundisha wengine, na leo nimegundua kwamba ushauri huo ni mgumu kuufuata ukiwa wewe mwenyewe ndiye habari.

Kwa wanaosoma hapa kwa mara ya kwanza: sisi ni familia ya Kitanzania, kutoka Morogoro, na tunajitolea Kenya tangu mwaka jana. Mume wangu, Festo, ni daktari wa mifugo. Shirika dogo lilimwomba aje Tana River, tukaamua kuja wote badala ya kupungiana mikono kituo cha basi. Mimi ni mwandishi wa habari. Nimechukua likizo bila malipo, na hapa ninawafundisha vijana wa redio ya jamii kuandaa taarifa. Binti yetu Neema yuko sekondari na amejifunza Sheng kwa kasi ambayo hesabu haijawahi kuiona. Wa nne ni mama mkwe wangu, Mhaya wa Bukoba, ambaye nyumba nzima inamwita Bibi. Yeye hayumo katika mkataba wowote. Alikuja kutusaidia kufungua mizigo. Mizigo ilifunguliwa siku ile ile. Bibi bado yupo.

Nimeripoti habari za wakulima na wafugaji kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi. Kilosa naijua kwa nyayo. Sentensi "mifugo ilivamia shamba" nimeiandika mara nyingi hivi kwamba vidole vinaiandika vyenyewe.

Mifugo haijawahi kuwa yangu.

Ng'ombe tulimpata hivi. Mzee Barisa ni Muorma, mfugaji, na ndiye msemaji wa wafugaji wa upande huu. Miezi michache iliyopita alikuja kwa Festo kutafuta dawa ya kupe, tukampa chai. Alikunywa funda moja, akaweka kikombe chini, akaiangalia pakiti ya maziwa iliyokuwa mezani. Akamuuliza Festo kwa sauti ya chini kama ng'ombe wetu walikufa kwa ukame au kwa ugonjwa. Festo akasema hatuna ng'ombe.

"Hata moja?"

"Hata mmoja, mzee."

Barisa akamtazama Neema kwa huzuni ambayo watu huiweka kwa ajili ya yatima.

Asubuhi iliyofuata aliwasili na ng'ombe mweupe mwenye nundu, na ndama wake nyuma. Desturi yao ni kwamba jirani aliyefilisika huazimwa ng'ombe wa maziwa. Maziwa ni ya aliyeazimwa, ng'ombe na ndama ni wa mwenyewe, mpaka maskini huyo asimame tena kwa miguu yake. Maskini huyo ni sisi. Tulivuka mpaka kuja kusaidia watu, tukahesabiwa miongoni mwa wanaosaidiwa.

Festo alijaribu kukataa. Alisema kanuni za shirika haziruhusu kupokea kitu.

"Daktari," Barisa alimwambia, "wewe unadunga ng'ombe yangu sindano, mimi sisemi kitu. Mimi nakupa maziwa, wewe unasema kanuni?"

Zizi tukajenga. Neema akampa ng'ombe jina: Mheshimiwa. Kwa sababu anatembea polepole, anakula mbele za watu na hajibu maswali.

Sasa jambo lenyewe, ambalo bila hilo leo ingekuwa kichekesho tu cha familia.

Keshokutwa, Jumatatu, malka inapaswa kufunguliwa. Malka ni njia ya mifugo kwenda kunywa maji mtoni, ikipita katikati ya mashamba. Isipokuwepo, au ikilimwa, ng'ombe wenye kiu hupita palipo na mahindi. Baada ya hapo watu hutafuta fimbo, na baada ya fimbo mimi hutafuta kalamu. Kazi ya Festo hapa, ukiondoa sindano, imekuwa hiyo: kuwakalisha wakulima na wafugaji mpaka wakubaliane njia ipite wapi. Imepatikana. Inaanzia nyuma ya nyumba yetu na kushuka hadi Tana. Inapita kando ya shamba moja tu lenye mazao wakati huu wa kiangazi, na shamba hilo ni la Mama Kadzo.

Mama Kadzo ni jirani yetu, ua kwa ua. Ni Mgiriama, mkulima, mwimbaji wa kwaya na mwenyekiti wa wakulima. Ana pampu ndogo ya kuvutia maji kutoka mtoni, na mahindi yake ndiyo mabichi pekee mpaka macho yanapoishia. Bila yeye kusema ndiyo mbele ya watu Jumatatu, hakuna malka. Na ng'ombe wa Barisa na wenzake wako njiani kutoka nyikani, wana kiu, hawasomi mihtasari. Ndiyo hiyo Mama Kadzo alikuwa ameitoa faraghani, lakini ilikuwa ile ndiyo ya mtu anayetazama pembeni.

Leo alfajiri mama mkwe wangu alimtoa Mheshimiwa zizini na kumwongoza hadi ndani ya shamba la Mama Kadzo.

Kwa makusudi.

Bibi ana maelezo, na nimeyasikia mara nyingi leo kiasi cha kuweza kuyaandika kwa haki. Mama Kadzo ametulisha tangu tufike. Mchicha, bamia (huku ni mabenda), mihogo, vyote vinapita juu ya ua bila kuombwa. Bibi amekuwa akitafuta namna ya kurudisha wema. Na huko kwao Bukoba, ambako mtu hupimwa kwa migomba yake, hakuna heshima kubwa ambayo mwenye ng'ombe anaweza kumpa jirani asiye na ng'ombe kuliko samadi. Ukimpa mtu samadi umempa ndizi za mwaka mzima. Bibi alikuwa ameitazama migomba ya Mama Kadzo kule chini karibu na mto, jinsi ilivyokonda, na moyo ulikuwa unamuuma. Kwa hiyo alipanga jambo la siri. Atamfunga Mheshimiwa katikati ya migomba kabla hakujapambazuka, Mheshimiwa atafanya kazi yake, atarudishwa zizini, na Mama Kadzo akiamka atakuta zawadi.

Kamba ya katani aliikataa kwa sababu ingemchubua ng'ombe shingo. Alitumia kitenge. Fundo lilikuwa la heshima, lakini halikuwa imara. Kisha Bibi akakaa chini ya mgomba, akatafuna buni zake za kahawa, ambazo kwa maelezo yake humweka mtu macho, akalala.

Nilizinduliwa na kelele. Nilipofika nilimkuta Mama Kadzo kwenye mahindi, leso kiunoni, panga mkononi. Mbele yake alisimama Mheshimiwa, bua likining'inia mdomoni na hindi lake lenye ndevu, akitafuna bila haraka. Katikati yao alikuwa Bibi, amenyoosha mikono pande zote mbili kama mwamuzi wa ndondi.

"Mulungu wangu! Huyu ameingizwa!" Mama Kadzo alikuwa akisema. "Hakuingia mwenyewe! Nimeona nyayo! Za ng'ombe na za ndara!"

"Ndiyo, nimemleta mimi," Bibi akajibu, tena kwa fahari. "Nilikuwa nakuletea zawadi, mwanangu."

"Zawadi gani inakula?"

"Zawadi haijatoka bado. Subiri kidogo."

Nimekaa mahakamani sana. Sijawahi kusikia mtuhumiwa akijitetea hivyo.

Nieleze kwa nini sikucheka. Katika nchi hii ya mto, ng'ombe akiponyoka akaingia shambani, huo ni uzembe, na uzembe una bei yake inayojulikana. Lakini mtu akimwingiza ng'ombe kwa mkono wake kwenye mazao ya mwenzake, huo si uzembe. Hilo ni tangazo la vita. Watu wamewahi kuzikana kwa ajili yake. Bibi hakujua. Mimi nilijua, kwa sababu kazi yangu ni kujua, na kwa miezi yote hii sikuwahi kufikiri kwamba mtu wa kuelezwa alikuwa jikoni kwangu anamenya ndizi.

Mama Kadzo alikishika kile kitenge, akamvuta Mheshimiwa mpaka kwake, akamfunga kwenye nguzo ya banda la jiko. Mheshimiwa alikwenda bila kupinga. Ndama kule zizini akaanza kulia.

"Huyu hatoki hapa mpaka mwenyewe aje," Mama Kadzo alitutangazia. "Na hiyo Jumatatu yenu, mkaifanyie Dodoma."

Festo alifika wakati huo, mswaki mdomoni, povu kidevuni. Aliutoa mswaki na kuomba msamaha. Aliomba vizuri sana. Alisema tumesikitika, tumefedheheka, tunatambua uzito wa jambo, tunaomba atuwie radhi kama familia na kama majirani.

Mama Kadzo alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nyinyi Watanzania mnaomba msamaha kwa Kiswahili kizuri mpaka mtu anasahau amekosewa nini," akasema. "Mimi sijasahau. Mwite Barisa."

Festo akampigia simu Barisa. Tukakaa kusubiri kwenye benchi la Mama Kadzo, sisi watatu tumejipanga kama watu wanaongoja dawa zahanati. Neema alikuja, akaangalia, akasema, "Bibi ametuchomea picha mtaa mzima," yaani, kwa Sheng yake, ametuaibisha, akarudi ndani asionekane nasi.

Habari ilikuwa imefika Minjila, iliko redio, kabla sijanywa chai. Nilijua hivyo kwa sababu bodaboda ilisimama na Amina akashuka. Amina ni mwanafunzi wangu bora pale redioni. Juzi tu nimemfundisha kwamba mwandishi huenda eneo la tukio, husikiliza pande zote, na haogopi cheo cha mtu.

"Habari ya asubuhi, mwalimu. Nakurekodi," akasema, simu tayari chini ya kidevu changu. "Ni kweli ng'ombe aliyeharibu mahindi ni wenu?"

"Si wetu. Ni wa kuazima."

"Kwa hiyo mnamkana?"

"Hatumkani. Tunamtunza."

"Alikuwa akitunzwa alipokuwa kwenye mahindi?"

Lilikuwa swali zuri. Nilihisi fahari na hasira kwa wakati mmoja, na mdomo wangu ukasema wenyewe: "Sina la kusema kwa sasa."

Nimewakimbiza watu kwenye korido za ofisi kwa sababu ya maneno hayo. Nimewaita waoga, kwa maandishi. Amina alinishukuru kwa adabu na kumgeukia Bibi, ambaye alikuwa na mengi ya kusema. Bibi alimpa mahojiano kamili kuhusu samadi ya ng'ombe, ubora wake ikilinganishwa na ya mbuzi, na nafasi inayofaa kati ya mgomba na mgomba. Amina alipojaribu kumrudisha kwenye mahindi, Bibi alimwambia atulie, mahindi yanakuja.

Barisa alifika jua likiwa limeanza kuuma, fimbo begani, kanzu imefungwa juu ya magoti kwa ajili ya vumbi. Alisalimia kila mtu kwa zamu, akauliza afya, watoto, nyumba, mvua. Mama Kadzo alijibu yote, kifupi. Kisha Barisa hakukaa. Aliingia kwenye mahindi peke yake na kupita mstari kwa mstari, akiinama hapa na pale. Festo alimfuata, Barisa akampa ishara abaki kule aangalie vizuri mistari ya mwisho, yeye akarudi.

Hapo nikagundua jambo. Kwenye mikutano yote ya malka, Mama Kadzo na Barisa hukaa ncha mbili za duara na kuzungumza kupitia kwa Festo. "Daktari, mwambie." "Daktari, muulize." Sasa daktari alikuwa katikati ya mahindi. Iliwabidi wasemezane.

"Mama Kadzo," Barisa akaanza. "Ng'ombe ni yangu. Imekula. Mimi sikatai."

Nadhani Mama Kadzo alikuwa amejiandaa kwa ubishi, na sasa maneno yake yote hayakuwa na pa kukaa.

"Mwaka ule mahindi yangu yaliisha yote," akasema hatimaye. "Wote waliokuja walisema ni ng'ombe wa wengine. Kila mmoja, wa wengine. Nikabaki najiuliza, labda ni mamba waliopanda juu wakala."

"Ile kweli haikuwa yangu."

"Najua haikuwa yako. Lakini ilikuwa ya mtu."

Barisa alipiga vumbi kidogo kwa ncha ya fimbo. Kisha akamgeukia Bibi, taratibu, kama mtu anayetaka kuhakikisha amesikia sawa kwenye simu.

"Mama. Wewe mwenyewe ulileta ng'ombe kwa shamba ya mtu? Kwa mkono?"

Bibi akamweleza. Migomba, heshima, Bukoba, kitenge. Hakuacha kitu. Barisa alisikiliza kichwa kimeinama.

"Mavi," akasema mwishoni.

"Samadi," Bibi akamsahihisha.

"Mavi ya ng'ombe, zawadi." Akamgeukia Mama Kadzo, uso mkavu kabisa. "Mama Kadzo, mimi nimefuga tangu nimezaliwa. Ng'ombe yangu ikikanyaga kwako, unatukana mpaka babu yangu kaburini. Kumbe miaka yote hii nilikuwa nakuletea zawadi?"

Mama Kadzo alijitahidi. Alibana midomo. Alijiziba kwa ncha ya leso. Alitazama juu, alitazama kuku. Halafu akashindwa, akakaa chini kwenye tuta la mihogo.

"Na mimi nakimbilia panga!" akapiga kelele. "Mtu ananiletea zawadi, mimi nakimbilia panga!"

"Hata ahsante hujasema!" Barisa alikuwa amejishikilia kwenye fimbo.

"Niseme kwa ng'ombe yupi? Walikuwa wengi!"

Walicheka mpaka Mheshimiwa akaacha kutafuna na kuwaangalia. Bibi peke yake hakucheka. Alikunja mikono na kusema kwamba kwao hakuna mtu anayecheka samadi, na kwamba migomba ya hapa imekonda kwa sababu hiyo hiyo.

Wakaanza upya.

Festo alitoka kwenye mahindi na tathmini yake ya hasara, imepangwa vizuri, akawakuta watu wawili ambao amejaribu kuwapatanisha kwa miezi, bega kwa bega, wanafuta machozi. Nilimwona anafurahi. Furaha ilidumu mpaka alipoelewa wamekubaliana nini. Kitu cha kwanza ambacho mkulima na mfugaji wa upande huu wa Tana wamekubaliana kwa kauli moja ni kwamba makosa ni ya Watanzania.

Hukumu ilitolewa pale pale, bila kuahirishwa. Zawadi ya Bibi itakamilishwa: samadi yote iliyorundikana zizini kwetu itapelekwa kwenye migomba ya Mama Kadzo, na mbebaji ni daktari. Maziwa ya jioni yataenda kwa Mama Kadzo mpaka avune mahindi yaliyosalia. Barisa hakuona tatizo. Maziwa alishatupatia, akasema, tukiyamwaga au tukiyagawa si kazi yake. Na pale malka inapokunja kona kwenye mahindi, pawekwe uzio wa nguzo na miiba ya mathenge, ambao sisi tutaukata na kuusimamisha kabla ya Jumatatu.

"Kwa hiyo Jumatatu ipo?" Festo akauliza. Sauti ilikuwa ya mtu anayegusa chungu kuona kama kimepoa.

Kicheko kilikuwa kimekwisha kwa Mama Kadzo. "Uzio nimekubali," akasema. "Ndiyo sijaitoa."

Alimwachia Mheshimiwa, kwa sababu kilio cha ndama kilikuwa kinamchosha. Kitenge alikibakisha. Alisema ni kizuri.

Mchana wote tumekata mathenge. Mti huu haukuletwa duniani kwa ajili ya watu. Mwiba wake unapita kwenye soli ya kiatu na kuingia mguuni bila kubisha hodi. Barisa aliwaleta vijana wake wawili kusaidia, jambo ambalo halikuwa kwenye hukumu, nao walifanya kazi kwa bidii na kutuangalia kwa upole. Festo amebeba samadi kwa toroli mpaka jua lilipoanza kushuka, na Bibi nyuma yake anaonyesha iwekwe wapi: si kwenye shina, Festo, utaliunguza, weka pembeni, shule ulisoma nini? Mtu aliyewahi kuhutubia wataalamu Arusha alikuwa anajibu, "Sawa, mama." Neema alitoka kwa hiari yake kushika kamba ya kupimia uzio. Sikumuuliza kitu. Ningemuuliza angerudi ndani.

Kabla ya magharibi redio ikasoma habari. Tulikaa kuisikiliza. Amina alisema ng'ombe mmoja aliyekuwa chini ya uangalizi wa familia ya wafanyakazi wa kujitolea kutoka Tanzania ameharibu mazao pembezoni mwa Garsen, kwamba mwenye ng'ombe amekiri, kwamba mwenye shamba amekubali fidia isiyo ya fedha, na kwamba mmoja wa wanafamilia hao alikataa kuzungumza. Kisha ikaja sauti ya Bibi kuhusu migomba, ndefu kuliko habari yenyewe. Nilitafuta kosa kwenye taarifa ile. Nilitaka sana kulipata.

Sikulipata.

Mama Kadzo alikuja kuchukua maziwa yake. Alileta sufuria, ile kubwa ya sherehe. Bibi alimmiminia bila kupima. Mama Kadzo alionja, akapangusa mdomo, halafu hakuondoka. Alikaa kwenye kizingiti, sufuria kati ya miguu. Barisa alikuwa bado yupo, anakunywa chai yetu, ambayo siku hizi anaiamini.

"Mimi si kwamba sitaki malka," Mama Kadzo akasema, bila kumwangalia mtu. "Ng'ombe ana kiu, naye ni kiumbe. Lakini kila nikiuliza ng'ombe wakifika kwenye kona yangu nani atasimama pale, naambiwa kamati. Mimi kamati sijawahi kuiona juani. Sijaona kamati imeshika fimbo."

Festo alianza kueleza muundo wa kamati. Nilimkanyaga.

"Nataka mtu," Mama Kadzo akaendelea. "Mtu mwenye jina, ambaye ng'ombe akila, atasema kala. Barisa, wachungaji wako hawanisikii mimi. Wewe utakuwa nyikani. Huyu je?"

Alikuwa anamnyooshea Bibi kidole.

"Yeye amemleta ng'ombe mwenyewe, nikamkuta, akasema 'nimemleta mimi'. Hakusema wa wengine. Hata kukimbia hakukimbia."

"Alikuwa amelala," nikasema. Usahihi ni ugonjwa.

"Alipoamka hakukimbia."

Barisa alimpima Bibi kwa macho, kuanzia kilemba mpaka ndara. "Vijana yangu wataogopa yeye," akasema. Ilikuwa sifa, na Bibi aliipokea hivyo.

"Nisimame kila siku?" Bibi akauliza.

"Kila siku wanapopita. Asubuhi wakishuka, alasiri wakipanda."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mvua."

"Na mvua zikichelewa?"

"Mpaka zije."

"Haya," Bibi akasema. "Lakini nitahitaji kofia. Na mvua zikishika, turudi kwenye hii migomba yako, hatujaimaliza."

Mama Kadzo akanyanyua sufuria, akaiweka kichwani. "Jumatatu nitasema ndiyo," akamwambia Barisa, si Festo. "Mbele ya watu. Waje mapema, jua lisitukute." Akaenda zake. Barisa naye akaaga, akatuombea heri, akakumbusha Mheshimiwa asifungwe tena na nguo.

Tukabaki sisi. Nyumba hii tunapaswa kuirudisha mwisho wa Aprili, mkataba wa Festo unapoisha. Mvua za huku zinaweza kuanza kabla ya hapo, au baada yake, au, kama mwaka fulani tuliosimuliwa, zisije kabisa. Na mwanamke ambaye malka yote imesimama juu ya jina lake alikuwa jikoni, anamuuliza Neema kama kofia ya shule inaweza kuazimwa.

Kesho ni Jumapili. Tutakwenda kanisani, tutarudi, tutachimba mashimo ya nguzo. Festo anasema itabidi kesho hiyo hiyo tuliandikie shirika kuomba muda zaidi, na kwa kuwa mimi ndiye mwandishi, barua ni yangu. Nimemuuliza tutoe sababu gani, maana watataka sababu, tena ya maana.

Alifikiri huku akichomoa mwiba kwenye kiganja.

"Andika kwamba mama amepata kazi," akasema.